Hotuba ya Mwenyekiti Katika Sherehe ya Miaka Kumi: "Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone"

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji,
Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata,
Masheikh wetu na Mapadri wetu,
Wazee wetu wa mila,
Wanakikundi wenzetu, na wageni waalikwa wote, mabibi na mabwana.

 

Awali ya yote hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Tulipoanza hatukuwa na uhakika wa kumaliza hata mwaka. Wapo wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki, tunawakumbuka. Sanduku walilosaidia kulinunua ndilo hili lililo mbele yenu, na funguo zake bado ni tatu, na bado zinakaa kwa watu watatu tofauti.

Mgeni Rasmi, kila mwaka tunasoma risala ya mapato na matumizi. Mwaka huu Mwekahazina ameiandika vizuri, nayo iko mwishoni mwa kijitabu hiki, kila mtu ataisoma. Sisi leo tunaomba kuzungumzia jambo moja tu, ambalo limetugusa miaka yote kumi na ambalo mwaka huu lazima tuliamulie. Jambo lenyewe ni haya mawe yenye michoro, hawa wageni wanaokuja kuyaona, na sisi tunaoishi chini yake.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka 2015, wanawake kumi na saba, hisa moja Shs. 1,000/=. Wakati ule barabara ya lami ilikuwa bado inajengwa. Mtu akienda Dodoma mjini, kilometa kama 160 kutoka Kondoa, alifika akiwa mweupe kwa vumbi kama aliyetoka kusaga. Biashara zetu zilikuwa zile zile za kila mama: pombe, vitumbua, mafuta ya alizeti, na tusifichane jamani, kuni na mkaa kutoka mlimani.

Mwezi Aprili 2018 barabara ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa. Tulifurahi sana. Tulisema sasa wageni watakuja, maana Arusha na Dodoma zimekuwa kama nyumba mbili za ua mmoja. Kweli magari yakawa mengi. Lakini kumbe lami ina tabia yake. Zamani gari lilipita polepole, likiharibika abiria wanashuka, wanakula, wanalala. Siku hizi gari linapita Kolo kama upepo. Tukajifunza la kwanza: barabara nzuri haimleti mgeni nyumbani kwako, inampitisha tu. Asimame au asisimame, hiyo ni juu ya mwenyeji.

MAWE YETU

Tunasema haya kwa ajili ya vijana wetu, maana wapo waliozaliwa hapa ambao hawajawahi kupanda kuyaona. Michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lake ni kubwa, kilometa za mraba zaidi ya 2,300, kutoka Kolo, Pahi, Kisese, hadi Thawi na kwingineko. Mwaka 1951 mama mmoja mtaalamu, Mary Leakey, alikaa huku miezi akinakili picha moja moja kwa mkono, akanakili kama 1,600. Kule Kisese walichimba wakakuta shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Wataalamu wanatuambia za kale kabisa zina zaidi ya miaka 40,000. Yaani mtu alikaa hapa, katika vilima hivi hivi, akatoboa ganda kwa uvumilivu, akavaa shanga akapendeza, kabla hakujakuwa na jembe wala chungu.

Picha nyekundu za watu wembamba, twiga, tembo na pofu ni za wawindaji wa zamani sana. Ndugu zetu Wasandawe wanaweza kutueleza mengi kuhusu watu wa aina hiyo. Zile nyeupe ni za baadaye, karibu na enzi za sisi wakulima. Na pale Mungumi wa Kolo wazee wetu bado wanapanda kufanya tambiko, kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Kwa hiyo kwetu mawe haya bado yana kazi, si mambo ya kale tu.

Kuna picha moja pale Kolo ya watu watano. Wa katikati ameshikwa, wawili wako upande huu na wawili upande ule. Mary Leakey alifikiri mtu yule anatekwa, na wenzake wanamvuta asichukuliwe. Wataalamu wengine wakasema hapana, ile ni ngoma ya uganga, wanamshikilia asianguke. Sisi tulipopelekwa kuitazama, mwenzetu mmoja alisema, "Huyo wa katikati ni kijiji chetu." Tulicheka, lakini alisema kweli. Upande huu wanavuta wahifadhi, upande huu watalii, upande huu wazee wa mila, na upande huu njaa ya nyumbani. Swali ni lile lile la wataalamu: wanatuvuta, au wanatushikilia tusianguke?

TULISHAWAHI KUHIFADHIWA

Mgeni Rasmi, sisi wa Kondoa hifadhi hatukuisoma vitabuni. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa sababu vilima vyetu vilikuwa makorongo matupu. Mwaka 1979 ikatoka amri mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika la Kondoa Irangi. Baadhi yetu tulikuwa watoto. Tunakumbuka ng'ombe wakiswagwa kwenda mbali, na baba zetu wamesimama hawasemi neno. Maziwa yaliisha nyumbani kama taa iliyozimwa.

Lazima tuseme pande zote mbili. Miti ilirudi. Nyasi zilirudi. Makorongo mengi yakapona, na leo mtu mgeni akiona vilima hivi hawezi kuamini vilikuwaje. Baadaye tukafundishwa kufuga ng'ombe bandani, maziwa nayo yakarudi kidogo. Kwa hiyo hifadhi ilitusaidia. Lakini ilikuja kama amri, na aliyekamua ng'ombe hakuulizwa. Mama aliyekuwa na watoto wadogo mwaka ule hakuwa na kikao cha kusemea.

Ndiyo maana linapokuja suala la utalii tunasema mapema: safari hii tunaomba tuwe ndani ya kikao, tusisubiri kuitwa siku ya kuambiwa.

KUKU SITA

Sasa tuwasimulie kisa ambacho wanakikundi wanakijua, na kila tukikisema tunacheka, ingawa siku ile hatukucheka.

Ilikuwa kabla ya mwaka 2020. Kampuni moja ya kutembeza wageni, jina tunalihifadhi, ilituma ujumbe kwamba wazungu ishirini na wawili watakuja kuona michoro, na wangependa kula chakula cha asili kijijini. Mwenzetu mmoja akachukua mkopo kwenye sanduku. Tukachinja kuku sita. Tukapika ugali wa mtama, mlenda, karanga, tukachemsha maji ya kunywa kama tulivyofundishwa. Tukafagia, tukatandika mikeka, vikapu na vyungu vyetu tukavipanga.

Saa saba magari yakashuka kutoka mlimani. Yakapunguza mwendo. Dereva akatupungia mkono. Wageni nao wakatupungia mkono. Yakaingia lami, yakaenda zake. Tuliambiwa baadaye kwamba walikuwa wamebeba chakula chao kwenye maboksi.

Jamani, kuku sita! Tulikula sisi na watoto, na hakuna aliyesikia utamu. Mwenzetu alikuwa na deni na hana senti. Kikao kikakaa. Wengine wakasema alipe, mkopo ni mkopo. Mwisho tukakubaliana nusu ilipwe na mfuko wa jamii, kwa sababu tulikubali wote ile kazi, na nusu alipe yeye kidogo kidogo. Alilipa yote. Yuko hapa leo, hatutamtaja, lakini mpigieni makofi.

Kutoka siku ile tuna kanuni imeandikwa kwenye daftari: mgeni wa chakula alipe nusu mbele. Anayekataa, tunamtakia safari njema. Na mnajua nini? Wanalipa. Kumbe tulikuwa tunaogopa bure.

MWAKA 2020

Baadaye ukaja ugonjwa wa korona. Viwanja vya ndege vikanyamaza dunia nzima. Nchi yetu ilipata wageni zaidi ya milioni moja na nusu mwaka 2019, na mwaka 2020 wakashuka hadi kama laki sita na elfu ishirini. Huko Arusha na Karatu tulisikia watu wameachishwa kazi, hoteli zimefungwa, vijana wamerudi kwao na mabegi.

Hapa kwetu wageni walikatika kabisa, miezi na miezi. Lakini kikundi hakikufa. Kwa nini? Kwa sababu alizeti ilikuwa shambani, kuku walikuwa bandani, mbaazi zilikuwa kwenye debe. Marejesho yalichelewa, faini tulisamehe, lakini sanduku halikukauka. Pale ndipo tulipopata neno letu ambalo tunawaachia kwenye kijitabu hiki: utalii kwetu ni kitoweo, shamba ndiyo ugali. Kitoweo kikikosekana mtu atakula ugali kwa chumvi na atalala. Ugali ukikosekana, kitoweo peke yake hakishibishi nyumba.

Sasa wageni wamerudi. Mwaka 2024 nchi ilipata zaidi ya milioni mbili. Na tena Dodoma mjini kumejaa watumishi wa Serikali, reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam imefika tangu mwaka 2024, na watoto wa shule wanaletwa kwa mabasi kuyaona mawe. Hawa wageni wa ndani tusiwadharau. Mwalimu anayeleta wanafunzi arobaini, kila mmoja akanunua ubuyu na karanga, anatufaa kuliko gari moja la wazungu linalopunga mkono.

KUNI NA MKAA

Hapa tunafika penye uchungu, na tunaomba tusikilizane.

Nani anaharibu mawe haya? Ni rahisi kusema watalii. Ni kweli wapo wanaomwagia maji picha ili zing'ae kwenye kamera, wapo wanaogusa kwa mikono, wapo wanaoandika majina yao. Hayo ni mabaya, na vijana wetu wanaoongoza wageni wawazuie bila kuona haya. Lakini wapo pia wenyeji wanaochimba chini ya mapango wakitafuta mali ya Mjerumani. Mali hiyo hatujamwona aliyeipata. Tunachoona ni mashimo tu, na udongo uliokuwa na shanga za miaka elfu na elfu umevurugwa, hausomeki tena. Sheria ya Mambo ya Kale iko tangu mwaka 1964. Anayechimba anajua anachofanya.

Na sisi akina mama? Sisi tulikata kuni. Tulichoma mkaa. Miti inayozuia upepo na mvua visipige mapango tuliiangusha sisi, kwa mkopo wa sanduku hili hili. Wapo waliosema, "Mti wa mlimani hauna mwenyewe." Mwenyewe ni mtoto wako.

Miaka mitano iliyopita tulipitisha kwamba kikundi hakitoi mkopo wa mkaa wala kuni za biashara. Siku ile watu walitoka kikaoni bila kuagana. Wenzetu watatu walijitoa. Mmoja ni mjane, alikuwa anasomesha watoto kwa mkaa. Hatukumwambia pole tu tukaondoka. Tulimkopesha bila riba, akaanza kuku wa mayai. Mara ya kwanza walikufa kwa kideri, wote. Tukamkopesha tena, safari hii akachanja. Amesimama, na amerudi kikundini. Wale wawili hawajarudi, na mlango uko wazi.

Majiko sanifu tumejenga kila nyumba ya mwanakikundi, na kuni zimepungua. Hatusemi zimekwisha. Bado tunapika kwa kuni, lakini tumepanda miti yetu ya kuni nyuma ya nyumba ili mlima upumzike.

Kuhusu tambiko tulikaa na wazee kwa adabu, maana si kazi yetu kuwafundisha. Pombe ya tambiko tunaipika sisi, hivyo neno tulikuwa nalo. Tuliomba pombe na mafuta vimwagwe chini, visirushwe juu ya ukuta wenye picha. Mzee mmoja akatujibu, "Waliochora na wanaoomba ni nyumba moja. Hatuwezi kuwafuta wenzetu." Tulishukuru. Na kwa ofisi tunaomba heshima hiyo hiyo: wazee wanapopanda, wasizuiwe kama wezi.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akutazame ukipita.

Wenzetu wa Burunge, hapo wilaya ya Babati kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, vijiji vyao vimeunda jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, na mapato ya kambi na hoteli yanagawiwa vijiji. Nao wana migogoro yao ya malisho, si peponi kule. Na wenzetu waliopakana na Swagaswaga na Mkungunero wana kilio cha tembo mashambani. Sisi wanyama wetu wako ukutani, hawali mahindi ya mtu. Hiyo ni bahati. Lakini kiingilio kinalipwa Serikalini, na kinachobaki kijijini ni kile ambacho mgeni ananunua mkononi mwetu: chakula, kikapu, chungu, asali, na malipo ya kijana aliyemwongoza.

Mwaka huu tulipata ushauri kwamba tukope benki tujenge nyumba ya wageni, vyumba sita. Aliyetushauri ana nia njema. Baadhi yenu mmeipenda habari hiyo, na tumeona ramani imechorwa vizuri. Kamati imekaa mara tatu. Msimamo wetu tunausema hadharani: tusikope. Vyumba sita vinataka wageni kila wiki, na benki haijui habari za korona. Mawe yamekaa miaka yote hiyo, hayatukimbii.

Badala yake tunapendekeza katika mgawo wa mwaka huu kila mwanakikundi aache sehemu moja ya kumi ndani ya sanduku. Kwa fedha hiyo tujenge jiko moja safi lenye kivuli, choo cha maana, na banda la kuuzia vikapu. Mgeni akipata mahali pa kukaa na choo atasimama. Wakiwa wengi, watoto wetu watajenga vyumba. Kura itapigwa Jumamosi ijayo, na anayepinga apinge kwa uhuru, ndiyo kazi ya kikao.

MAOMBI YETU

Mgeni Rasmi, maombi yetu ni matatu tu. Kwanza, wanaosimamia michoro watupe taarifa mapema makundi ya wageni yanapokuja, hata kwa simu. Pili, panapopangwa jambo lolote la mlima huu, wanawake wawili wa kijiji wawe kikaoni na maneno yao yaandikwe. Tatu, vijana wetu wa kike nao wafundishwe kuongoza wageni, maana mpaka leo wanaoongoza karibu wote ni wa kiume.

Fedha hatukuomba. Fedha tunayo kidogo, imo humo, ina funguo tatu.

Wanakikundi wenzetu, tunamaliza kwa neno la sanduku. Miaka kumi tumefundishana kwamba mtaji hauliwi, inaliwa faida. Michoro ile ni mtaji ambao hatukuuweka sisi. Aliuweka mtu wa zamani ambaye hata jina lake hatulijui, na hakutudai riba. Tukiufuta kwa moshi, kwa jembe la kutafuta mali ya Mjerumani, au kwa tamaa ya haraka, hakuna kikundi duniani kitakachoturudishia. Tukiutunza, wajukuu wetu watakaa hapa kwenye sherehe nyingine, wapike kuku, na wageni watasimama wale.

Chakula kipo, kuku wamechinjwa, na safari hii hakuna gari litakalopita bila kusimama. Karibuni sana.

Ushirika wetu udumu.

Mwenyekiti wa Kikundi,
kwa niaba ya wanakikundi wote